Mjadala wa Wapendanao

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, baadhi ya vijana wa darasa wameazimia kuanzisha baraza, wakutane mara moja kila wiki baada ya sala ya Isha, wajadiliane juu ya mambo ya tabia na muamala: lipi la haki na lipi la dhuluma katika biashara, katika ndoa, katika mirathi na katika ujirani. Wote ni wapenzi wa mwalimu mmoja, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowakusanya. Wako wazee wetu waliolichukia jambo hili. Wasema kuwa mjadala huzaa fitina, na mji umekwisha gawanyika vya kutosha.

Neno la wazee si la kutupwa, kwani wameyaona. Ni nani katika sisi asiyejua nyumba ambayo ndugu wawili hawatoleani salamu, kwa kuwa huyu ni wa shekhe fulani na yule ni wa shekhe mwengine? Ni nani asiyejua jeneza lililosindikizwa na nusu ya mtaa, kwa kuwa nusu ya pili ilikhitalifiana na wafiwa juu ya kisomo? Hofu yao ni ya kweli. Walakini dawa waliyoitaja, nayo ni kunyamaza, siyo dawa ya ugonjwa huu. Kilichotudhuru si mjadala. Kilichotudhuru ni ushabiki.

Shabiki wa mpira haendi uwanjani kutafuta timu iliyo bora. Ameshaichagua timu yake kabla ya kutoka nyumbani. Ikifunga hushangilia, na ikifungwa humlaumu refa. Hapana ubaya mkubwa katika hayo yakiwa ni mchezo. Lakini mtu akiichukua tabia hiyo akaiingiza katika dini, hatauliza tena, "Dalili ni ipi?" Atauliza, "Nani aliyesema?" Akiambiwa ni shekhe wake, atakubali kabla ya kusikia, akiambiwa ni mwengine, atakataa kabla ya kusikia. Mtu huyu hajadili kitu, ingawa sauti yake yasikika mpaka barabara ya pili.

Sasa tutazame mjadala wenyewe ulikuwaje kwa wale waliotutangulia. Katika Qurani imo sura iitwayo Al-Mujadila, nayo ni ya 58. Jina hilo limetokana na mwanamke aliyejadiliana. Wamepokea wanazuoni kuwa yeye ni Khaula binti Thaalaba. Mumewe, Aus bin Samit, alimfananisha na mgongo wa mamake, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu wa ujahili, ili awe haramu kwake. Khaula akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kushitaki dhuluma hii, akasema naye na akarudia kusema. Hakufukuzwa, wala hakuambiwa kuwa mwanamke hana neno. Wahyi ukashuka kumfariji, ukaikanusha desturi ile na kumlazimisha mume kafara. Basi itakuwaje leo tuseme kuwa Uislamu hauna nafasi ya mtu kuuliza juu ya haki yake?

Na katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume alipiga kambi mahali fulani. Sahaba Hubab bin Mundhir akamuuliza kwa adabu kama mahali pale ni amri ya wahyi au ni rai na mbinu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alitaja mahali palipo bora, karibu na visima, na Mtume akaihamisha kambi. Tazama namna alivyouliza: kwanza alipambanua baina ya lililoteremshwa na lililo la rai ya watu. Lililoteremshwa hapana mjadala ndani yake. La rai aliingia kwa heshima. Mwenye kuujua mpaka huu haogopewi barazani.

Ama sisi watu wa pwani, wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafii, aliyezaliwa Ghaza mwaka wa 150 wa Hijra na kufia Misri mwaka wa 204. Yeye alikihifadhi kitabu cha Imamu Malik angali kijana, akaenda Madina, akasoma kwake. Hapana aliyemsifu Malik kuliko yeye. Hata hivyo, alipoiona dalili imekwenda upande mwengine, alimkhalifu mwalimu wake waziwazi na akaandika, ijapokuwa wafuasi wa Malik huko Misri walikasirika. Je, mapenzi yalipungua? Hayakupungua, kwani alichokipenda kwa Malik ni ile haki aliyoitafuta Malik. Naye Muzani, mwanafunzi wake, ametaja mwanzoni mwa Mukhtasar wake kuwa Shafii alikataza watu wasimfuate kwa upofu, yeye wala mwengine. Na Yunus bin Abdul-Aala amesimulia kuwa walijadiliana mas-ala wasipatane, kisha walipokutana tena, Imamu alimshika mkono na kumkumbusha kuwa wawili waweza kuwa ndugu hata wasipoafikiana katika mas-ala moja. Basi anayejiita Mshafii na asivumilie kukhalifiwa, amelichukua jina la Imamu akaiacha njia yake.

Wala jambo hili si geni katika mji wetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipolitoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka wa 1932, aliwaandikia watu kwa Kiswahili wanachokifahamu, akazikosoa desturi za watu wake mwenyewe. Hakuwa mgeni aliyekuja kututukana; alikuwa mwana wa mji huu, na tangu mwaka wa 1937 mpaka kufa kwake mwaka wa 1947 alikuwa Kadhi Mkuu. Alikosoa kwa kuwa alipenda.

Vijana wetu, basi, na waanze. Walakini wasianze bila ya masharti. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra, ameyaeleza katika Ihya masharti ya mjadala na maafa yake, na kila mwenye kutaka kujadili yampasa kuyasoma. Mimi nitayataja machache kwa maneno yangu.

La kwanza, mwenye kujadili awe kama mtu aliyepotelewa na kitu chake: hajali kama amekiokota yeye au mwenziwe, hushukuru tu kuwa kimepatikana. La pili, wajadili jambo linalowapata watu, wala si mas-ala ya ajabu yanayotafutwa ili kuonyesha elimu. La tatu, mtu akibainikiwa na haki ulimini mwa mwenziwe, aseme "umesadiki" bila ya kuona haya, na wenziwe wasimcheke. La nne, naliongeza mimi kwa ajili ya mji wetu: jina la shekhe yeyote, aliye hai au aliyekufa, lisitajwe barazani ila kwa heri. Na la tano, baraza lisitoe fatwa. Fatwa ina wenyewe. Baraza ni la kufunzana kufikiri.

Natoa mfano. Mwenye duka auza kabati kwa shilingi 20,000 taslimu, na kwa shilingi 26,000 kwa mwenye kulipa kidogo kidogo mwaka mzima. Mmoja atasema, "Hii ni riba." Mwengine atasema, "Hii ni biashara." Mashabiki wataishia hapo, kila mmoja na upande wake. Lakini wapendanao watauliza. Je, hii ni mkopo wa fedha au ni mauzo ya kitu? Je, bei moja ilikatwa kabla hawajaachana, au waliachana bila ya kujua ni ipi? Watakuta kuwa jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wameijuzisha nyongeza ya bei kwa ajili ya muda, ikiwa bei imekatwa. Na wako waliokataa. Kisha watauliza: je, mnunuzi akichelewa, huongezewa deni? Hapo ndipo riba inapoingia, wala hapana wa kuitetea. Na baada ya hayo yote lingalibaki swali moja: mnunuzi akiwa ni mjane asiye na njia nyengine, na muuzaji akaipandisha bei kwa kuijua shida yake, je, mauzo yaliyosihi katika sheria yamesalimika pia na dhuluma? Swali hili halijibiwi kwa kupiga makelele. Lataka mtu aitazame nafsi yake, na huenda mwenye duka mwenyewe yupo, amekaa papo hapo, asikiliza.

Hiyo ndiyo faida tuitakayo. Mji hautengenezwi kwa watu kushinda hoja usiku na kupunja mizani asubuhi.

Enyi wazee, msiwafungie vijana mlango. Mkiwazuia kujadiliana mbele yenu, watajadiliana nyuma yenu, pasipo na mwenye kuwarudi. Njoni mkae nao, kwani baraza lisilo na mvi hukosa uzito. Nanyi vijana, mpendeni mwalimu wenu kama Shafii alivyompenda Malik, si kama shabiki aipendavyo timu. Na siku mtakapoona kuwa mmeondoka barazani hamkupeana mikono, livunjeni baraza siku hiyo hiyo, maana litakuwa limekwisha kuwa lile walilolikhofu wazee. Mtume (S.A.W.) amembashiria nyumba pembezoni mwa Pepo mwenye kuuacha ubishi ingawa yeye ndiye mwenye haki. Nani katika sisi aliye tajiri wa nyumba hata asiitake hiyo?

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na azipatanishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi taufiq.