Sahihi Iliyodumu Usiku Mmoja

Askofu Mkuu Marcel Lefebvre hakuwa mzembe wa imani. Mfaransa huyu alikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alitumika Gabon tangu 1932, kisha akawa askofu mkuu wa Dakar. Ndiyo maana kisa chake kinanitia hofu. Sisi tunaoipenda Misa ya zamani ya Kilatini tungeweza kabisa kupita njia yake.

Mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yalimhuzunisha. Huzuni si dhambi. Mwaka 1970 alianzisha Udugu wa Mtakatifu Pio X, akafungua seminari huko Écône, Uswisi. Dalili mbaya ilijitokeza Novemba 1974, alipotoa tamko akitenganisha Roma mbili: Roma ya milele anayoishika, na Roma ya siku zile anayokataa kuifuata. Mtu akishajichagulia Roma ya kutii, nani tena atamwambia amekosea? Mwaka 1976 Papa Paulo VI alimkataza kutoa upadrisho. Akautoa, akasimamishwa huduma. Agosti ya mwaka huo huo maelfu walifurika Lille, Ufaransa, kusali Misa naye. Tujihadhari na umati unaotushangilia siku ambayo wakubwa wetu wanatuonya.

Linaloniuma zaidi ni Mei 1988. Tarehe 5 alitia sahihi makubaliano na Kardinali Joseph Ratzinger: Udugu utambuliwe, Misa ya zamani ibaki, na apatikane askofu kutoka kwao. Usiku ukapita na mashaka. Kesho yake akaandika barua kuishinikiza Roma kuhusu tarehe ya kumweka askofu huyo. Ahadi haikumtosha tena. Juni 30 akawapa uaskofu mapadre wanne bila idhini ya Papa, na Yohane Paulo II akatangaza kuwa yeye na hao wanne wametengwa na Kanisa.

Julai ya mwaka huo, baadhi ya mapadre wake walimwacha, wakaanzisha Udugu wa Mtakatifu Petro. Waliendelea na Misa ile ile ya Kilatini, wakiwa ndani ya Kanisa, kwa kibali cha Papa.

Ndugu msomaji, ukiona kila onyo unalopewa linakuzidishia tu uhakika kwamba una haki, mtafute padre asiye wa kundi lako, umsikilize kabla hujatenda. Lefebvre alifariki Machi 25, 1991. Papa Benedikto XVI aliwaondolea maaskofu wale wanne adhabu mwaka 2009, Lefebvre akiwa kaburini karibu miaka 18.