Juu ya Wale Wanaowaonea Wenzao



Katika Amri ya Tano twafundishwa ya kuwa Mungu amekataza kuua. Wengi hudhani wameishika amri hii kwa sababu hawajamwaga damu. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, alipofundisha mlimani, aliweka pamoja na amri hiyo hasira na tusi analotupiwa ndugu. Kwa hiyo leo tuitazame dhambi moja ambayo watu huiita mchezo, nayo ni uonevu: mwenye nguvu kumwandama mnyonge, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka mnyonge aone haya kuwa yeye.

Huanza kwa jina. Wazee wetu wa Kasongo na Kabambare walilijua sana jina hilo: mshenzi. Baada ya mwaka 1870, Tippu Tip alipokaa Kasongo, na misafara ya pembe na watumwa ikapita Kabambare, watu waligawanywa wangwana na washenzi. Na tazameni jambo la ajabu: wengi wa wangwana hao walikuwa watoto wa nchi hii hii, waliotekwa wakiwa wadogo. Jana ameitwa mshenzi, akalia; leo amevaa kanzu, amepewa bunduki, naye amwita nduguye mshenzi. Dhihaka aliyoimeza ameitapika juu ya mwingine.

Siku hizi majina ni mengine. Mwenye kigugumizi huigwa maneno yake. Mtwa huchekwa kimo chake. Yatima huitwa mchawi. Yuko na mtoto ambaye mama yake alitekwa vitani, akamzaa porini. Hana kosa lolote. Lakini kisimani wenzake humwuliza baba yake ni nani, hali wanajua. Mtoto huyo hunyamaza. Huenda kuteka maji saa ya jua kali, wakati kisima hakina watu. Huacha shule, kisha huacha mafundisho ya dini, na watu wazima husema ni mvivu.

Sikilizeni sasa habari za Mwenye Heri Isidori Bakanja, Mkongo mwenzetu, aliyebatizwa Mbandaka mwaka 1906. Alikuwa mtumishi katika kituo cha kampuni huko Ikili. Msimamizi wa kituo, Mzungu jina lake Van Cauter, alianza kwa maneno. Alimdhihaki, akamkataza kusali na kuwafundisha wenzake, akamwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Bakanja alikataa kuivua. Basi mwaka 1909 akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Vidonda vikaoza, akafa mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Wenye kumshika na kumpiga walikuwa watumishi, Wakongo kama yeye, walioamriwa. Mimi nawaza sana juu ya watu hao. Pale kisimani pia, mwenye kuuliza lile swali ni mmoja tu. Wengine hucheka, tena baadhi yao hucheka kwa hofu, wasije wakaulizwa wao. Je, kama asingecheka mtu, angeuliza mara ya pili?

Bakanja alisamehe, akaahidi kumwombea Van Cauter atakapofika mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Walakini hakuvificha vidonda vyake. Mkaguzi wa kampuni aliviona, mapadri walimjia wakamsikiliza, naye Van Cauter akahukumiwa.

Kwa hiyo tusimwambie mtoto anayeonewa, "Vumilia, mwige Bakanja," kisha tukamwacha peke yake. Amweleze mama yake, au katekista, au mwalimu, nao wamsikilize mpaka mwisho. Na ninyi mnaokwenda kisimani asubuhi, mpitieni nyumbani kwake, mtembee naye, na ndoo yake itangulie kujazwa.