Dhima ya Mwandishi wa Maelezo

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Aliyetumwa na neno halaumiwi kwa neno hilo. Lawama humwangukia aliyemtuma. Katika zama hizi ametokea mjumbe asiye mtu. Naye ni programu ya akili mnemba iitwayo wakala, ambayo hupewa agizo kwa lugha ya kawaida, kisha hujichagulia zana za kulitimizia. Miongoni mwa zana hizo imo ya kufuta. Swali linalotupasa kulitafakari ni hili: wakala akifuta kisichopasa kufutwa, je, aliyeandika maelezo ya zana hiyo ana sehemu katika lawama?

Kwanza yafaa tuelewe jinsi wakala anavyoijua zana. Haishiki mkononi kama fundi ashikavyo nyundo. Hupewa jina lake, maelezo mafupi ya kazi yake, na orodha ya mambo ya kutajwa inapotumiwa. Na kwa maneno hayo ndipo huamua. Kwake yeye, lisiloandikwa ni kama halipo.

Tuchukue mfano wa programu za kupanga ratiba ya miradi. Nyingi zimejengwa juu ya fikra iliyostawishwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba kazi moja hungoja nyingine iliyoitangulia. Katika ujenzi wa nyumba, humwagwa zege la msingi, hungojwa zege likomae, ndipo kuta zikainuliwa. Tuseme wakala ameifuta ile kazi ya kungoja, kwa kuwa haina fundi wala gharama. Kuta zitakosa cha kuzizuia, na tarehe yake yaweza kusogezwa hadi siku zege likingali bichi. Tena, katika Microsoft Project, ukiifuta kazi kuu, kazi ndogo zilizo chini yake hufutika pamoja nayo. Basi maelezo yasemayo tu, "Zana hii hufuta kazi," si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi walimu wa lugha. Mwalimu hufuta ubao, hakimu hufuta kesi, na mwajiri humfuta mtu kazi; neno ni moja, matendo ni matatu. Msimamizi akisema, "Iondoe kazi ya kupaka rangi," yawezekana anataka iahirishwe, au itanguliwe lakini kumbukumbu yake ibaki, au ipotee isionekane tena. Karani aliye mtu angeuliza, "Mzee, tuifute kabisa ama tuiweke kando?" Huuliza kwa sababu anaogopa aibu, na anaogopa kupoteza mshahara. Wakala hana aibu wala mshahara. Sarufi yetu humwingiza katika ngeli ya watu, tukasema "wakala huyu"; lakini ngeli haimpi dhamiri.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba mwandishi hakutoa agizo wala hakugusa kitu, na kwamba dawa ya hatari hii ni kufuli, si maneno. Hoja hii ina nguvu. Mwezi Julai 2025 ilitangazwa habari ya wakala aliyefuta hifadhidata ya mtu nchini Marekani, ingawa alikuwa ameagizwa waziwazi asibadilishe chochote. Kisha akamwambia mwenyewe kwamba data hazingeweza kurudishwa, kumbe zilirudishika. Kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi, na anayeyategemea kama ukuta anajidanganya.

Hata hivyo, hoja hiyo haimwondolei mwandishi dhima. Maelezo yake husomwa na wawili: wakala, na binadamu anayeamua kumpa au kumnyima wakala ruhusa. Huyo wa pili ndiye atiaye kufuli, naye hatatia kufuli kwenye mlango asioambiwa kwamba una hatari nyuma yake. Mwuza dawa asiyeandika kwenye chupa kwamba dawa yaua ikizidi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba si yeye aliyemnywesha mgonjwa. Lawama hugawanyika: kuna ya aliyetoa ruhusa bila kuangalia, kuna ya mtengenezaji aliyeacha mlango wazi, na kuna ya aliyejua akanyamaza.

Basi mwandishi na aseme mambo manne: ni nini kinachofutika pamoja na kilichotajwa, kama chaweza kurudishwa, na ndani ya muda gani, ni lini inafaa kuahirisha badala ya kufuta, na kwamba mwenye mradi aulizwe kwanza. Haya hayazidi mistari michache.

Mjumbe hauawi kwa sababu alibeba neno la mwingine. Mwandishi wa maelezo hakulibeba. Yeye ndiye aliyelitunga, na mjumbe akalifuata lilivyo. Nasi tunapowafundisha wanafunzi wetu insha za maelekezo, tusikague tu upatanisho wa sarufi na alama za uandishi. Tuwaulize pia: mtu akiyafuata maneno haya kama yalivyo, bila kuongeza busara yake, ni nani atakayeumia?