Ubao Uliofungwa na Ubao Unaotembea



Vijana wapendwa, kuna swali ambalo kila nikikaa na vijana, iwe Bukoba mjini au huku nyumbani Muleba, lazima litokee. Linakuja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Frateri, kuwa na msimamo si ndiyo kuwa mgumu? Na mtu akikubali kubadilika hata kidogo, si ameshauza msimamo wake?" Wanafalsafa wameandika mengi juu ya jambo hili. Leo naomba tulitazame kupitia kifaa kidogo cha mbao.

Likizo hii nimekuwa nikitengeneza viegemeo vya vitabu kwenye karakana ya nyumbani. Ni kile kifaa cha kusimamishia vitabu mezani: ubao mmoja umelala chini, mbao mbili fupi zimesimama, moja kila upande, na vitabu vinakaa katikati visianguke. Hivi vyangu vinarekebishika. Ubao wa kushoto nimeufunga moja kwa moja, kwa gundi na skrubu. Wa kulia unatembea. Chini yake una ulimi unaoingia kwenye mfereji niliouchimba kwa patasi katikati ya ubao wa chini. Ukiwa na vitabu vitano unausogeza karibu, ukiwa na kumi na viwili unaurudisha nyuma. Ukishapata mahali pake unagonga kabari ndogo pembeni ya ulimi, unakaza, basi.

Sasa fikiria mbao zote mbili ziwe zinatembea bila kufungwa. Ukiweka Biblia na Katekisimu tu, zote zinateleza na vitabu vinalala chini. Fikiria tena zote mbili ziwe zimegongwa misumari. Hapo utakuwa na kifaa cha idadi moja tu ya vitabu. Siku ukipewa kitabu cha ziada, hakina pa kukaa. Kwa hiyo ubao wa kulia unaweza kutembea bila hatari kwa sababu wa kushoto hautembei, na huo wa kushoto una faida kwa sababu mwenzake anatembea.

Hili si jambo jipya. Aristotle, katika kitabu cha 5 cha Maadili yake kwa Nikomako, anawataja wajenzi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya risasi, inayopinda kufuata umbo la jiwe. Anasema ndivyo inavyotakiwa tunapopeleka sheria kwenye tukio halisi, maana sheria husema kwa ujumla, na maisha huja mojamoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anatupa mfano mzuri. Ni wajibu kumrudishia mtu amana yake. Lakini kama aliyekuachia upanga amepandwa na wazimu, naye anaudai papo hapo, je, utampa? Hapana. Ukimnyima hujavunja haki, umeilinda. Haki ni ubao wa kushoto. Kurudisha amana leo au kesho ni ubao wa kulia.

Tuje sasa kwenye mambo yetu. Sisi wa Kagera tunaijua butura. Mzee ana mgonjwa hospitalini au ada ya mtoto, na kahawa yake bado iko mtini, pengine ni maua tu. Anakuja mwenye pesa, anailipia leo kwa bei ya chini kabisa, na mavuno yakifika kahawa yote ni yake. Serikali na vyama vya ushirika vimeipinga, lakini bado ipo, kwa sababu shida nazo bado zipo.

Chukua kijana aliyenunua namna hiyo. Mavuno yamefika, bei ni nzuri, na mzee anakuja kwa unyonge: "Mwanangu, niongezee basi angalau kidogo." Kijana anajibu: "Mzee, makubaliano ni makubaliano. Mimi ni mtu wa msimamo." Chukua na kijana wa pili. Amekopa pembejeo kwa ahadi ya kulipa kwa kahawa yake, halafu usiku anaivusha kwa magendo kwenda Uganda. Ukimuuliza anasema: "Frateri, maisha yamebadilika, lazima na sisi tubadilike."

Ukiwatazama haraka, mmoja ni mgumu na mwingine ni mlaini. Mimi naona kosa lao ni moja: wamechanganya mbao. Tomaso anafundisha kwamba kununua kitu chini ya thamani yake si haki, na shida ya mwenzako si mali yako ya kufanyia biashara. Kumpa mtu stahili yake ndio ubao usiosogea. Bei mliyopatana siku mtoto anaumwa ni ubao wa kutembea. Kijana wa kwanza amegonga misumari kwenye wa kutembea, akaulegeza wa haki. Wa pili naye amelegeza huohuo wa haki, akaita ni kwenda na wakati.

Najua kuna atakayesema: "Kila mtu akibadili makubaliano anavyotaka, nani atafanya biashara?" Hoja ni ya kweli, na ndiyo maana kuna kabari. Ubao ukishapata mahali pake unakazwa, hauchezi kila upepo ukivuma. Kabari inatolewa kwa sababu nzito, mchana kweupe, mbele ya yule inayemhusu. Na mimi najipima hivi: je, huku kusogea kunanipa faida au kunanigharimu? Kama kunanigharimu mimi ili mwingine asianguke, mara nyingi ni huruma. Kama kunanipa faida na mwingine ndiye anayeanguka, nijihadhari, hata nikiwa na maneno mazuri ya kujitetea. Kiegemeo hakikutengenezwa kwa ajili yake chenyewe. Kipo kwa ajili ya vitabu vinavyokiegemea.

Bwana wetu, aliyejulikana Nazareti kama seremala, aliwatetea wanafunzi waliokwanyua masuke siku ya Sabato kwa sababu walikuwa na njaa (Mk 2:23-28). Hakuifuta Sabato. Alionyesha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya nani. Lakini walipotaka kumsogeza atoke katika mapenzi ya Baba, hakusogea hata hatua moja, mpaka msalabani.

Kijana mwenzangu, wiki hii kaa kimya mbele ya Ekaristi ujiulize: ni nani ananiegemea mimi? Kuna ahadi, deni au bei ninayoikazania kwa jina la msimamo huku mtu anaumia? Kuna amri ya Mungu niliyoilegeza na kuiita akili? Na kama yupo mzee unayejua ulimpunja, usingoje mahubiri. Nenda kamwongezee.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.