Geti na Siri

Je, ni haki imani kufichwa?

Mwaka 1954 huko London, wachimbaji wakiongozwa na W. F. Grimes walifukua hekalu la Mithras, mungu aliyependwa sana na askari wa Kirumi. Kichwa chake cha marumaru kilipatikana. Lakini mafundisho yake yalikuwa siri, wanawake hawakuingizwa, na hakuna kitabu chao kilichobaki. Ndiyo maana wataalamu wanabishana hadi leo maana ya ile picha ya Mithras akichinja fahali.

Sisi hapa Eldas ni wachache: walimu, askari, wafanyabiashara. Kufunga geti wakati wa ibada ni busara. Baada ya Garissa 2015, nani atatulaumu? Ila geti ni la usalama, si la siri. Jirani akiuliza tunaamini nini, ajibiwe kwa upole na heshima. Akina mama wafundishe, watoto waelewe. Yesu alimjibu kuhani mkuu kwamba alifundisha hadharani, tena wakati huo alikuwa amefungwa.

Wapendwa, hofu tunayo. Lakini siku tukihamishwa kikazi kutoka hapa, tusiache mawe tu. Amina.