Deni la Mwenye Bunduki

Bodaboda wa Songea hatakiwi kuingia barabarani bila bima, walau ile ndogo, ambayo haimlipi yeye wala pikipiki yake, inamlipa aliyegongwa. Mwenye bunduki hadaiwi kitu cha namna hiyo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 lazima awe na leseni. Risasi yake ikimpata jirani kwa bahati mbaya, fidia itategemea mfuko wake, na mara nyingi mfuko wenyewe ni mtupu.

Kwingine wameliona pengo hili. Ujerumani, mwindaji hapewi leseni ya kuwinda bila bima ya kuwafidia wengine. San Jose, jiji la California, ilipitisha mwaka 2022 amri ya kuwataka wenye bunduki wawe na bima, na kesi zikafuata papo hapo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya bima ya namna hii halina haja ya maneno mengi: bima hailipii kusudi. Ni kweli, na muuaji ana mahakama yake. Mimi namfikiria mkulima wa Namtumbo au Tunduru, karibu na mapito ya tembo kati ya hifadhi za Selous na Niassa, anayelinda mahindi usiku, akalenga nguruwe pori, akampiga mtu.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua. Aliyekwisha kulipia makosa yake kabla hajayatenda, atajihadhari na nini? Fedha hainunui dhamiri?

Jibu nimelikuta katika fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ambayo Waislamu wa Tunduru wanaijua kuliko sisi majirani wa Peramiho. Kwa anayeua bila kukusudia, Surat An-Nisaa inataja mambo mawili. Kuna diya, fidia ya damu, ya warithi wa marehemu. Kuna pia kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wakaamua kwamba diya hubebwa na akila, yaani ndugu wa kiumeni wa muuaji, lakini saumu haichangiwi. Mjane hasubiri mkosaji atajirike ndipo alipwe, na mkosaji hatubu kwa mfuko wa binamu zake. Ni madeni mawili yenye wadai wawili, warithi na Mungu, na anayesema bima inaua dhamiri ameyachanganya.

Hata hivyo, kampuni ya bima ni ukoo wa watu wasiojuana, na hapo ndipo inapopungukiwa. Ndugu anayejua kwamba atachangishwa hamwachii kijana mlevi bunduki. Atamnyang'anya, tena mbele za watu. Kampuni itampandishia ada, au itamkataa tu. Kwa hiyo ningeikubali bima hii kwa sharti moja: anayekataliwa na kampuni kwa sababu ya mwenendo wake, leseni yake isimame na silaha ikabidhiwe polisi.

Limebaki gobore, lisilo na karatasi wala mwenye kulikiri. Aliyejeruhiwa nalo naye ni mdai. Hatalipwa na yeyote isipokuwa sehemu ya ada za wenye leseni iingie katika mfuko wa majeruhi kama yeye. Wenye leseni watanung'unika kwamba wanalipia uzembe wa watu wasiowafahamu. Watakuwa na haki ya kunung'unika, kama alivyokuwa nayo binamu wa zamani aliyetoa ngamia wake wa diya kwa mkuki asioushika yeye. Hata hivyo binamu yule alitoa.