Saluti ya Lazima

Minersville ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1935 wakazi wake walio wengi walikuwa Wakatoliki, na Mashahidi wa Yehova walihesabika kwa vidole. Miongoni mwa hao wachache walikuwa Walter Gobitas na mkewe Ruth, wenye duka la vyakula. Watoto wao wakubwa, Lillian wa miaka 12 na William wa miaka 10, walisoma shule ya umma pamoja na watoto wa majirani.

Kila asubuhi darasa zima lilisimama kuielekea bendera, likanyoosha mkono wa kulia mbele na kutamka kiapo cha utii. Mtindo wa kuweka mkono kifuani, tunaowaona Wamarekani wakiufanya siku hizi, ulikuwa bado. Mkono ulinyooshwa hasa, kiasi kwamba anayezitazama picha za madarasa ya wakati ule anaweza kudhani zimepigwa Ujerumani ya Hitler. Mashahidi wa Yehova waliisoma sura ya 20 ya kitabu cha Kutoka katika Biblia, inayokataza kusujudia sanamu au mfano wa kitu chochote, wakaona kuipigia bendera saluti ni kuipa heshima inayomstahili Mungu peke yake. Tena walikuwa na habari kwamba huko Ujerumani waumini wenzao walikuwa wakitiwa ndani kwa kugoma kumsalimu Hitler.

Tarehe 22 Oktoba 1935, William hakuinua mkono. Mwalimu wake akaushika akijaribu kuunyanyua. Mtoto akang'ang'ania mfuko wake, mkono usitoke. Siku iliyofuata Lillian naye akagoma, baada ya kumweleza mwalimu wake sababu. Hawakupiga kelele wala kumzuia mwenzao yeyote kuapa. Uwanjani walirushiwa vijiwe na kuzomewa kwa jina la Yehova, na watu wakahimizwa kulisusia duka la baba yao.

William akachukua karatasi, akawaandikia wakuu wa shule barua kwa mkono wake. Aliwaeleza kuwa anaipenda nchi yake, ila anampenda Mungu zaidi, na amri za Mungu hana budi kuzitii. Barua hiyo ni ya tarehe 5 Novemba, na imehifadhiwa hadi leo.

Jibu lilikuja kesho yake. Hapo ndipo msomaji aliye mwalimu, mjumbe wa bodi au mzazi anapaswa kutua kidogo. Saluti ilikuwa desturi ya siku nyingi, lakini bodi ya shule za Minersville haikuwa na kanuni yoyote iliyomlazimisha mtoto kuipiga. Watoto hawakuwa wamevunja sheria kwa sababu sheria yenyewe haikuwepo. Basi bodi ikakaa tarehe 6 Novemba, ikapitisha kanuni kwamba kukataa saluti ni utovu wa nidhamu, na katika kikao hicho hicho, wino haujakauka, ikawafukuza William, Lillian na mvulana mwingine wa dini yao. Kwanza walitafutwa watoto, kisha likatafutwa kosa.

Walter Gobitas akawapeleka wanawe kwenye shule iliyofunguliwa na waumini wenzao katika nyumba ya shambani, mwendo wa kilomita zipatazo 50, kisha akafungua kesi. Mahakama ya kwanza ikampa haki, na ya rufaa vilevile. Bodi haikukubali kushindwa, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Hukumu ilitoka tarehe 3 Juni 1940. Wakati huo Ulaya ilikuwa inaungua. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yakiokolewa kwa mashua kwenye fukwe za Dunkirk, na Ufaransa ilikuwa inakaribia kuanguka. Majaji wanane kati ya tisa wakasimama na bodi ya shule. Hukumu iliandikwa na Felix Frankfurter, Myahudi aliyezaliwa Vienna na kuhamia Marekani utotoni. Alisema umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake, na si kazi ya mahakama kuwafundisha walimu namna ya kujenga uzalendo. Ni mmoja tu, Harlan Fiske Stone, aliyepinga.

Hakuna jaji aliyemwagiza mtu kuchoma nyumba. Lugha ya hukumu ilikuwa ya heshima, yenye kupima huku na huku. Lakini mtaani hukumu haisomwi ukurasa kwa ukurasa. Mtaani ilisikika hivi: wale watu ni wasaliti, mahakama imethibitisha. Inasimuliwa kwamba sherifu mmoja wa majimbo ya kusini, alipoulizwa na mwandishi wa habari kwa nini Mashahidi wanafukuzwa mjini kwake, alitoa jibu la namna hiyo hiyo bila kupepesa macho.

Siku sita baada ya hukumu, umati uliteketeza Jumba la Ufalme, yaani nyumba ya ibada ya Mashahidi, huko Kennebunk, jimbo la Maine. Huko Litchfield, Illinois, umati uliwavamia Mashahidi waliokuwa wakihubiri nyumba kwa nyumba. Walioshambuliwa ndio walioishia mahabusu, wapatao 60, ikasemwa ni kwa usalama wao. Huko Richwood, West Virginia, naibu wa sherifu na wenzake waliwakamata Mashahidi kadhaa, wakawanywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu, wakawafunga kwa kamba moja na kuwaswaga mjini hadi mbele ya bendera. Mwaka huo mmoja shirika la kutetea haki za raia la ACLU lilipokea taarifa za watu takriban 1,500 walioshambuliwa, katika miji na vijiji zaidi ya 300. Hadi kufikia 1943, watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wamefukuzwa shule.

Mambo hayo yote yalianzia kwa mtoto wa darasa la tano aliyeshika mfuko wake.

Januari 1942, mwezi mmoja baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, bodi ya elimu ya West Virginia iliamuru kila mwanafunzi na mwalimu apige saluti, ikiazima maneno ya Frankfurter mwenyewe. Adhabu zake zilikuwa za ajabu. Mtoto aliyekataa alifukuzwa. Akishafukuzwa, alihesabiwa mtoro. Na kwa kuwa ni mtoro, wazazi wake waliweza kutozwa faini ya dola 50 na kufungwa siku 30. Wapo watoto waliotishiwa kupelekwa shule za wahalifu watoto. Serikali ilifunga mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikamchapa mtoto kwa kutoingia.

Kumbe mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Juni 1942, majaji watatu kati ya wale walioungana na Frankfurter walitangaza, katika kesi nyingine ya Mashahidi, kwamba walikosea. Desemba mwaka huo huo Bunge la Marekani likaifuta saluti ya mkono ulionyooshwa na kuweka ya mkono kifuani, kwa kuwa ile ya zamani ilifanana mno na ya Wanazi. Watoto walifukuzwa kwa kukataa ishara ambayo wakubwa wenyewe walikuja kuionea aibu.

Tarehe 14 Juni 1943, ambayo Marekani ni Siku ya Bendera, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi watoto wa familia ya Barnett wa West Virginia na wenzao, kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba katiba haimpi afisa wa ngazi yoyote mamlaka ya kuwapangia raia cha kuamini, wala ya kuwalazimisha wakikiri. Alionya pia kwamba wanaoanza kwa kuzima mawazo tofauti huishia kuwazima wenye mawazo hayo. Vita vilikuwa bado vinapiganwa. Marekani ilivishinda huku watoto wa Mashahidi wakiwa wameketi madarasani kwa amani, na hakuna bendera iliyoanguka kwa sababu yao.

Haya si mambo ya Wamarekani peke yao. Tanzania nayo imepita njia hiyo. Wanafunzi zaidi ya 100 wa Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa, na baadhi yao walifukuzwa. Walishindwa Mahakama Kuu, wakakata rufaa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba adhabu hiyo haikuwa halali. Nchini Kenya, mwaka 2014 ulizuka mzozo kuhusu hijabu katika shule moja ya umma ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikawapa wasichana mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa kasoro za utaratibu. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mzozo ulipoanza alikuwa ameshamaliza kidato cha nne. Iwe ushindi au kushindwa, kwake habari ilichelewa. Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru mwanafunzi wa Kirasta, aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya rasta zake, aachwe asome.

Wanaotetea kanuni ngumu wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Shule yenye wanafunzi elfu moja haiwezi kuendeshwa kwa matakwa ya kila mmoja. Sare inaficha tofauti ya maskini na tajiri. Paredi ya asubuhi inajenga nidhamu. Wimbo wa taifa unawakumbusha watoto wa makabila mengi kwamba wana nyumba moja. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama walichokiomba watoto wa Minersville. Hawakutaka saluti ifutwe kwa wengine. Mashahidi wa West Virginia walifika hata kupendekeza kiapo chao mbadala cha kuiheshimu bendera, wakakataliwa. Nidhamu ya shule ingebaki palepale kwa kumwacha mtoto asimame kimya nusu dakika.

Tena, sheria inayomlinda mtoto asilazimishwe ndiyo hiyo hiyo inayoizuia shule kugeuka mimbari. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku sala iliyotungwa na maofisa wa elimu wa New York ili isomwe madarasani, ingawa ilikuwa na maneno 22 tu na haikutaja dhehebu lolote. Mwanafunzi hakukatazwa kusali. Aliyekatazwa ni mwenye mamlaka kumsalisha. Mkuu wa shule wa Kikristo anayemlazimisha Mwislamu kuhudhuria ibada ya Jumapili, na wa Kiislamu anayemvalisha Mkristo hijabu, wote wanafanya lile lile la bodi ya Minersville.

Basi mkuu wa shule akiletewa mtoto ambaye imani yake inagongana na kanuni, ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika barua ya kumfukuza. La kwanza: mtoto huyu anamdhuru nani? Anayekataa kutamka neno hajamnyang'anya mwenzake chochote. Anayemtukana mwenzake kwa jina la dini amemdhuru, na hapo adhabu ina mahali pake. La pili: kuna njia nyingine ya kulifikia lengo la kanuni? Hijabu ya rangi ya sare ni sare bado. Mtihani wa Jumamosi unaweza kusogezwa kwa Msabato. Mtoto aliyesimama wima na kimya wakati wa wimbo wa taifa ametoa heshima. La tatu ndilo ambalo bodi ya Minersville isingeweza kulijibu bila haya: kanuni hii ingetungwa kama mtoto huyu asingekuwepo? Kanuni inayozaliwa kwa sababu ya mtu mmoja, siku moja kabla au baada ya kugombana naye, ni silaha iliyovaa joho la sheria.

Mzazi naye ana wajibu. Akijua imani yake itagongana na ratiba ya shule, aende mapema, akiwa na maelezo na pendekezo mkononi, asingoje mtoto apambane na mwalimu mbele ya darasa. Na mjumbe wa bodi akumbuke kwamba maneno ya kikao hayabaki kikaoni. Bodi ikimwita mtoto mkaidi, uwanjani ataitwa msaliti, na sokoni babaye atakosa wateja.

Maana darasani mtoto yule hayuko peke yake. Wapo wenzake 40 au 60 wanaotazama. Wakiona mmoja wao anaburutwa nje kwa sababu ya anachokiamini, wamefundishwa nani anafaa kupigwa na kwamba wakubwa hawatajali. Wakiona amesimama kimya, hakuna anayemgusa, na kipindi cha hesabu kimeanza kwa wakati, wamefundishwa uraia. Masomo yote mawili hufundishwa kwa dakika zile zile za paredi, na anayechagua lipi lifundishwe ni mwalimu.